Rangi ya Moshi

Ng'ombe walionioa walitoka kwenye tanuri la mkaa. Nasema hivyo bila aibu wala majivuno, maana ndivyo ilivyokuwa. Mjane mmoja wa Busawe, aliyezaa mabinti watupu na kuwaoza wote, alichoma mkaa miaka mingi, akawa anauza na kununua ndama mmoja mmoja, na zizi lilipoanza kuonekana zizi alijifunga kitenge kipya akaja kwetu, karibu na Sirari, kuniposa. Kwetu Wakurya hii inaitwa nyumba ntobu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na kubeba jina la marehemu mumewe. Wageni wakisikia hukodoa macho na kuuliza habari za chumbani. Za chumbani hazipo. Lililopo ni jina ambalo halitakiwi kufa na shamba ambalo halitakiwi kwenda kwa mashemeji.

Nilimwita mama. Yeye aliniita mkamwana, hata mbele za watu, hata akiwa amekasirika. Wake wengine wa nyumba ntobu niliowafahamu walikaa na wakwe zao kama mtu na shangazi yake, wakisukana nywele na kucheka. Mimi sikupata bahati hiyo. Kwa mila zetu mkamwana hampi mkono baba mkwe wake, hamgusi, wala haketi kwenye kigoda chake. Mama yangu huyu alijitwalia heshima ya baba mkwe, akisema mwenye kuheshimiwa ni aliyetoa ng'ombe, na ng'ombe alitoa yeye. Kwa hiyo nikimpelekea maji niliweka kikombe chini, akaokota mwenyewe. Nilipojifungua binti yangu alimpokea mtoto kutoka kwa mkunga, si kutoka kwangu. Miaka yote hiyo sikuwa nimegusa hata kidole chake, na nilishazoea, kama mtu anavyozoea mlango mfupi wa nyumba yake.

Tulichokuwa nacho pamoja ni tanuri. Alinifundisha kuchoma mkaa kabla hata hajanionyesha mpaka wa shamba. Magogo ya mgunga yanakatwa na kuachwa yakauke. Kisha yanapangwa chini, manene katikati, membamba pembeni, na kila mwanya unazibwa kwa vijiti. Juu yake nyasi mbichi, juu ya nyasi udongo, na pembeni unaacha matundu madogo ya kupumulia. Unawasha kwenye mdomo, moto ukishashika unauziba mdomo, na kuanzia hapo moto unaishi ndani ya giza kwa pumzi utakayoamua kuupa.

"Kuni ina vitu vitatu," mama alikuwa akisema. "Ina maji, ina moshi, ina moto. Kazi yetu ni kuviondoa viwili vya kwanza bila kukiamsha cha tatu."

Ukilipa tanuri hewa nyingi, kuni zinawaka na unavuna majivu. Ukilinyima kupita kiasi linazimika, nawe unafukua vijinga, vyeusi nje na vibichi ndani, vya kumtoa mpishi machozi. Kati ya hayo mawili hakuna saa wala kipimo. Kuna moshi tu. Mwanzoni unatoka mweupe, mzito, umelowa kama mvuke wa sufuria ya ugali. Hayo ni maji yanaondoka. Baadaye unageuka wa manjano, unanuka na kuwasha koo; huo ni moshi wenyewe, uliokaa ndani ya mti tangu mti ulipozaliwa. Mwisho unakuwa mwembamba, wa bluu, kama wa sigara ya mzee aliyesinzia. Hapo unaziba matundu yote bila kuchelewa na kuliacha tanuri lilale mpaka lipoe. Ukiwahi umeharibu. Ukichelewa umeharibu vilevile.

Sikuwahi kumwona mama akikosea ile bluu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda upande upepo unakotoka, miguu peku, ugoro kwenye mdomo wa chini, akiangalia moshi kama wengine wanavyomwangalia mtu wanayemdhania mwizi. Kisha anasimama na kusema, "Sasa." Tulikuwa tukifukua mkaa mgumu, mweusi wa kung'aa, ambao ukigonga kipande kwa kipande unalia.

Kisha ikaja dhahabu. Ilikuwapo tangu zamani ng'ambo ya mto Mara, kule Nyamongo, lakini miaka ile watu waliivamia kana kwamba imedondoka jana. Walikuja kutoka Geita, kutoka Shinyanga, kutoka upande wa Kenya, wakiwa na sururu na magodoro yaliyokunjwa. Hata baba wa damu wa binti yangu, ambaye mama alikuwa amenichagulia mwenyewe kwa sababu ya urefu wake, aliacha mbuzi zake na kuingia mashimoni, na hatukumwona tena isipokuwa kwa kusikia. Palipokuwa na shamba la mihogo pakawa na shimo, na penye shimo pakaota kijiji cha maturubai. Kijiji kile kilitaka kula. Na zaidi ya kula, kilitaka tindo kali. Mwamba unakula chuma. Tindo iliyoingia shimoni asubuhi inatoka jioni butu kama kidole gumba, na lazima ipelekwe kwa mhunzi ikapigwe upya. Mhunzi hafui kwa kuni, anataka mkaa, na tena mkaa wa kuvumilia mvukuto.

Mhunzi aliyekuwa na wateja wengi alitoka Migori, upande wa Kenya. Alikuja nyumbani kwetu na baiskeli, akachukua kipande cha mkaa wetu, akakitupa juu ya jiwe na kukisikiliza.

"Makaa ya huyu mama inalia," aliniambia. "Hii ingine wananiletea ni takataka. Mwambie mimi nachukua yote. Kila gunia, nachukua."

"Niambie mimi mwenyewe," mama alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Nimeketi hapa, sijafa."

"Shikamoo mama," mhunzi akasema haraka.

"Marahaba. Leta baiskeli mbili."

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Migunga ya karibu ikaisha. Tukaenda mbali zaidi, kisha mbali kuliko hapo, na mwishowe tukawa tunakata leo na kupanga keshokutwa, maana kuacha mti ukauke ilikuwa ni kumwachia mwingine aje aubebe. Mama alinung'unika kwamba mti mbichi ni mchumba anayekuja na ukoo mzima. Lakini alikata.

Sasa nieleze habari ya macho, ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya.

Alianza kuniuliza rangi ya moshi. Mwanzoni nilidhani ananipima. "Mkamwana, moshi una rangi gani?" Nami nilijibu kwa sauti ya mwanafunzi, mweupe mama, manjano mama, naye akaguna kama mwalimu. Nilifurahi hata, nikaona ananiandaa kushika kazi. Kisha siku moja nilimwona akiweka kikombe pembeni ya jiwe alilotaka kukiweka juu yake. Kikaanguka. Akalitukana jiwe. Wiki hiyohiyo alimpita jirani njiani bila salamu, na jirani akaenda kutangaza kwamba hela za mkaa zimempanda mama kichwani. Nilipoanza kumchunguza, nikaona anageuza shingo nzima ili aone kitu kilichokuwa ubavuni mwake. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Nilimbembeleza mwezi mzima ndipo akakubali twende zahanati. Muuguzi wa pale, dada mmoja mpole aliyeongea taratibu, alimmulika kwa tochi, akapitisha vidole kutoka pembeni na kumwambia aseme akiviona. Mama alinyamaza mpaka vidole vilipofika karibu na pua. Muuguzi alinichukua nje.

"Huu sio mtoto wa jicho," alisema. "Mtoto wa jicho unasubiri, hata ukikaa nao miaka, siku ukitolewa unaona. Hii ni presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni kuja katikati. Kilichoondoka kimeondoka, dada yangu. Hiki kidogo kilichobaki ndicho kinachoweza kulindwa, na lazima alindiwe mapema. Mnaelewana naye?"

"Kwa mbali," nilisema, na sikuwa natania.

Akatupa dawa ya matone, chupa ndogo, ndiyo aliyokuwa nayo. Akasema madaktari wa macho huwa wanakuja Mugumu mara mojamoja kupasua bure, na atatuambia. Tukarudi nyumbani. Mama alitembea mbele, kama kawaida yake, akipapasa njia kwa nyayo, nami nyuma nikiwa nimebeba ile chupa kama yai.

Hakusema neno juu ya macho. Alichosema, kesho yake, ni kwamba tanuri linalofuata litakuwa kubwa.

Na likawa kubwa. Sijaona tanuri kama lile kabla yake wala baadaye. Alipanga magogo mara mbili ya kawaida yetu, mengine manene kiasi kwamba tulikodi vijana wa machimboni kuyaviringisha, na karibu yote yalikuwa mabichi, bado yanatoa utomvu. Nilimwambia, mama, hili litakaa ndani kama mimba ya tembo. Akasema tembo akizaa anazaa tembo. Nilifunika nyasi, nilibeba udongo mpaka shingo ikakakamaa. Akaliwasha mwenyewe, akaziba mdomo mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, mzee wa kanisa alisoma kwamba madaktari wa macho wamefika Mugumu na watakuwa hapo mpaka Ijumaa. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa ameketi upande wa kwaya, aligeuka akanitazama. Nilimwangalia mama. Alikuwa ametazama mbele, uso umetulia kabisa, akisikiliza kana kwamba linatangazwa jambo la ukoo mwingine.

Nje ya kanisa nilimwambia, "Mama, kesho asubuhi gari linapita."

"Na tanuri?"

"Nitalikalia mimi."

"Wewe peke yako? Na vijana wa mashimoni wanaozunguka? Na likitoboka juu wakati uko upande wa chini?" Alitikisa kichwa. "Tanuri haliachwi na mwenyewe. Likigeuka bluu nitaliziba na kwenda. Labda Jumatano."

Ningeweza kubishana naye, lakini nilijua kisa. Miaka ya nyuma, kabla sijaolewa, aliwahi kuacha tanuri likiwaka akaenda kumzika dada yake Machochwe. Aliporudi alikuta udongo umebonyea katikati na chini yake majivu matupu, laini kama unga. Alikuwa amempa dada yake siku mbili, na zikamgharimu kazi ya msimu mzima. Tangu hapo hakuliacha tanuri kwa harusi wala kwa msiba. Tungeweza kumwomba jirani, lakini jirani mwenyewe ni yule wa salamu. Ndugu zangu walikuwa Sirari na wengine ng'ambo ya mpaka, mbali mno kuitwa. Na mashemeji wa mama, hao tusiwataje.

Jumatatu moshi ulikuwa mweupe. Jumanne mweupe. Aliponiuliza nilijibu, na kila nilipojibu niliona ametikisa kichwa kidogo, kama mtu anayengoja mgeni na kusikia hodi ya mwingine. Nilikwenda kuyapanua matundu ya upande wa upepo, ili moto upate nguvu, akanisikia. Sijui alisikia nini, labda udongo kumomonyoka. "Ziba hilo," alisema. "Unataka tule majivu?" Nikaziba.

Jumatano gari lilipita na watu wawili wa kijiji chetu walioenda kuonwa macho. Jioni walirudi na bandeji nyeupe, mmoja jicho moja, mwingine mawili, wakiongozwa na watoto wao na kucheka. Wakasimama barabarani kutusimulia jinsi isivyouma. Mama aliwapa pole na hongera kwa pamoja, akauliza habari za ng'ombe wao. Nilitamani kulia mbele za watu.

Alhamisi moshi ulianza kuchanganyika manjano, nami nikapata tumaini la kijinga. Nilizunguka tanuri lile siku nzima. Nilikuwa nikilipigia hesabu kama mama anayemsubiri mtoto mwenye homa apate jasho. Nililisihi. Ndiyo, nililisihi kwa maneno, tanuri la udongo, nikiliambia lifanye haraka. Nimekwishakupa kila kitu, nilisema, mgongo wangu umeuchukua, ng'ombe walionioa walitoka kwako, sasa nifanyie hili moja tu. Moshi uliendelea kutoka kwa mwendo wake. Sijapata kuona kitu kisichojali namna ile. Mtu akikukatalia unaweza kumpigia magoti au kumtukana, lakini kuni zinazokauka gizani utazifanya nini?

Ijumaa ilipokucha, moshi wa upande wa chini ulikuwa bado wa manjano, na wa juu mweupe. Gari lingepita baada ya chai. Mama alikuwa kwenye kigoda, amekwisha kuoga, amevaa gauni la kanisani. Hilo gauni ndilo lililonimaliza. Alikuwa anataka kwenda. Chini ya ukaidi wake wote alikuwa anataka kwenda, na alikuwa ameliandaa gauni.

"Mkamwana," alisema, "moshi una rangi gani?"

Nikasema, "Bluu."

Sikujuta wakati ule na sijuti leo. Nililisema lile neno kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha kuwaza kila kitu: tutaziba matundu, tutapanda gari, watampasua, na baadaye tutafukua vijinga, mhunzi atatukana, sifa ya mkaa wetu itakufa, nasi tutalima mihogo kama watu wengine. Nilikuwa tayari.

Alinigeuzia uso. "Pande zote?"

"Pande zote, mama. Bluu kabisa."

Aliinuka. Nilidhani anakwenda kuziba matundu, nikakimbilia jembe. Lakini alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri, akakusanya gauni lake la kanisani mkononi, akapanda juu kwa miguu yake peku. Alikanyaga taratibu, hatua kwa hatua, akisimama kila mahali, kama mtu anayepima kina cha mto. Nilimwona akikunja vidole vya miguu ndani ya udongo. Udongo wa juu ulikuwa bado na unyevu, maana maji ya kuni yalikuwa hayajaisha kutoka. Hata mimi, nikiwa chini, niliuona ukishikamana na nyayo zake.

Alishuka. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

"Miguu yangu haijapofuka," alisema.

"Mama, twende tu. Nakuomba. Mkaa utachomwa mwingine."

"Utachomwa na nani? Kwa miti ipi?" Alirudi kwenye kigoda, akaketi, akapapasa gauni kutoa udongo. "Unadhani kwa nini nililifanya kubwa? Nilijua macho yanakwenda, mkamwana. Nilijua kabla ya yule binti wa zahanati na tochi yake. Nikasema nichome moja la mwisho, la kutosha, ili nikishakuwa wa kukaa tu, wewe na mtoto muwe na ng'ombe wa kuanzia. Sasa nikuachie vijinga?"

Nilimwambia kwamba sitaki ng'ombe. Nilimwambia mambo mengi, mengine kwa Kikurya, mengine kwa sauti ambayo mkamwana hatakiwi kuitoa. Nilipiga magoti mbele yake, karibu kuliko nilivyowahi kukaribia. Mikono yangu ilikuwa inataka kumshika na kumbeba mpaka barabarani. Alikuwa mwepesi, ningemweza. Nikaishia kushika miguu ya kigoda. Gari likapita. Tulilisikia likishuka mteremko, likibadilisha gia, likipotea. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio la mama lilisikia vizuri kabisa, lilisikia gari mpaka mwisho.

Jumamosi mchana moshi ukawa bluu, pande zote, kweli.

Nilimwambia. Akapanda tena kupima kwa miguu, akashuka, akasema, "Sasa." Tukaziba matundu pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilikuwa nalia, naye alijua, akaniacha nilie.

Mkaa ule sitausahau. Tulipofukua, ulitoka mzima, vipande virefu vyenye pete za mti zikionekana wazi, na hakukuwa na kijinga hata kimoja. Mhunzi wa Migori alikuja na punda na baiskeli na vijana wake. Aligonga kipande kwa kipande akacheka kwa sauti. "Mama, hii ni kengele ya kanisa!" Mama naye alichukua vipande viwili, akavigonga karibu na sikio, akatabasamu. Alikuwa na furaha. Nilimchukia kwa dakika moja, kisha nikamhurumia, kisha nikashindwa kujua ninachohisi, nikaenda kushona magunia.

Baada ya mavuno nilimpeleka Mwanza, hospitali kubwa, kwa barua ya muuguzi. Safari hiyo hakubisha. Daktari alimpima kwa mashine mchana kutwa na alikuwa mtu mwenye utu, aliketi nasi akaeleza. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na mwanga tu, kama mlango ulioachwa wazi kidogo, na hakuwa na uhakika hata wa huo. Aliuliza kama hapakuwa na nafasi ya kuja mapema. Mama akajibu kabla yangu. "Tulikuwa na kazi," alisema. Maji yakimwagika hayazoleki, na daktari akaandika dawa.

Ng'ombe tulinunua. Wapo mpaka leo, wajukuu wa wale. Binti yangu alisoma kwa maziwa yao, kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba ilikuwa bure. Hilo nalo linaniudhi.

Dhahabu ilisogea, kama ilivyo tabia yake. Mhunzi aliifuata. Lakini wenye migahawa walibaki, nasi tukaendelea kuchoma matanuri madogo, ya matawi na visiki, wakati mwingine magunzi ya mahindi kwenye pipa. Mama aliendelea kukaa kwenye kigoda upande wa upepo. Aliendelea pia kupanda juu kupima kwa miguu, mpaka siku alipokanyaga mahali palipokuwa pamechimbika kwa ndani. Mwenye macho angeona ule wekundu mdogo ukipumua kwenye ufa. Mguu wake ulizama hadi kifundoni. Alijitoa mwenyewe, akaanguka upande wa pili, wala hakupiga kelele.

Kidonda kilipona, lakini ngozi ya wayo ilikuja nene na ngumu, haisikii tena joto wala unyevu. Hakupanda tena tanuri.

Siku aliyoanza kutembea baada ya kidonda, nilikuwa nafagia uwanja. Alitoka mlangoni, akasimama. Nilimwekea fimbo karibu, chini, kama kawaida. Hakuiokota. Aliunyoosha mkono hewani, ukatangatanga kidogo, ukanipata begani, ukakaa hapo. Ulikuwa mwepesi na mkavu, una mikwaruzo ya magogo. Nilibaki nimesimama na ufagio wangu. "Twende chooni," alisema, kwa sauti yake ileile ya kuamuru. Tukaenda. Hakuna aliyesema lolote juu ya mila, siku ile wala baadaye.

Sasa, tukichoma, namwongoza mpaka kwenye kigoda na kuketi naye. Moshi ukianza kutoka, anageuza uso upande ule.

"Mkamwana, moshi una rangi gani?"

Ninamwambia. Haulizi kama ni pande zote. Hapandi kupima. Chochote nitakachosema sasa anakiamini, na mimi sina tena uongo wa kumfaa.